Kemia kwanza: kuelekea chuo cha udaktari Marekani ukitokea fani nyingine

Kwa aliyesomea Tanzania, udaktari ni mlango unaofungwa mapema. Usipochukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha tano, hata uje kuwa mhasibu hodari kiasi gani, kurudi nyuma ni shughuli pevu. Huku Marekani utaratibu ni mwingine. Udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya historia, ya biashara, hata ya muziki, mradi mwombaji awe amefaulu kozi kadhaa za sayansi ambazo vyuo vinazitaka kama sharti. Kwa hiyo mwalimu wa miaka 34 aliyehamia Dallas, au CNA (msaidizi wa wauguzi) wa Louisville mwenye shahada ya maendeleo ya jamii, akisema anataka kuwa daktari, hizo si ndoto za Alinacha. Ni kazi ya miaka, na hatua zake zinajulikana. Wengi wanaokwama hawakwami kwa kukosa akili. Wanakwama kwa sababu walianza na kozi isiyo yake, au walijibebesha kozi nyingi kuliko zamu zao za kazi zilivyoruhusu.

Kozi zenyewe ni hizi: baiolojia mihula miwili, kemia ya jumla mihula miwili, kemia ya oganiki (ile ya misombo ya kaboni) mihula miwili, fizikia mihula miwili, zote hizo na maabara zake. Kisha biokemia muhula mmoja. Vyuo vingi vinataka pia Kiingereza cha kuandika, na takwimu inazidi kutajwa. Saikolojia na sosholojia si lazima kila mahali, ila zimo kwenye MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, kwa hiyo zihesabu. Kalkulasi inatakiwa na vyuo vichache tu. Kila chuo kina vipengele vyake, na vyote vimewekwa pamoja kwenye hifadhidata ya MSAR inayotolewa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari. Ina ada ndogo ya mwaka, nawe ilipie kabla hujalipia kozi yoyote.

Katika orodha hiyo kemia ndiyo uti wa mgongo, na sababu ni ya kalenda. Baiolojia na fizikia unaweza kuzisogeza huku na huku. Kemia haisogei. Kemia ya jumla ya kwanza hufungua ya pili, ya pili hufungua oganiki ya kwanza, hiyo hufungua oganiki ya pili, na mara nyingi oganiki ya pili ndiyo inayofungua biokemia. Hiyo ni mihula mitano, mmoja nyuma ya mwingine, na kompyuta ya chuo haitakuandikisha hatua inayofuata mpaka iliyotangulia ionekane umeifaulu, kwa kawaida kwa C au zaidi. Tena vyuo vidogo hutoa sehemu ya kwanza muhula wa Agosti na sehemu ya pili muhula wa Januari, basi. Ukikosa nafasi Agosti, hujapoteza muhula, umepoteza mwaka.

Tuseme unafanya kazi, na unaweza kubeba kozi mbili kwa muhula. Agosti 2026 unachukua kemia ya jumla ya kwanza na baiolojia ya kwanza, Januari 2027 sehemu za pili za hizo hizo. Kiangazi unapitisha takwimu au saikolojia. Agosti 2027 oganiki na fizikia, Januari 2028 tena oganiki na fizikia. Agosti 2028 biokemia na sosholojia. Kuanzia Januari 2029 ni MCAT, unaufanya Aprili. Maombi unayatuma Juni 2029, usaili unaanza Septemba na kuendelea hadi mapema mwaka unaofuata, na ukikubaliwa unaingia darasani Julai au Agosti 2030. Miaka minne, kabla ya siku ya kwanza ya udaktari wenyewe. Baada ya hapo ni miaka minne ya chuo, kisha mafunzo ya hospitalini: miaka mitatu kwa tiba ya familia, saba kwa upasuaji wa ubongo. Mwenzi wako na watoto wako wazijue namba hizi tangu mwanzo, maana nao watazilipia.

Wapo wanaobana kemia ya jumla yote ndani ya kiangazi kimoja, wiki tano kila sehemu. Asiye na kazi anaweza. Mwenye zamu asijaribu, na oganiki ya kiangazi akae nayo mbali kabisa.

Kabla ya yote, hesabu. Vyuo vingi vitakupa mtihani wa kukupanga kabla ya kukuruhusu kuchukua kemia. Aliyeacha hesabu miaka 12 iliyopita akienda bila kujiandaa hupangwa aljebra ya msingi, na mlolongo mzima unasogea muhula mmoja au miwili. Miezi miwili ya Khan Academy, tovuti ya masomo ambayo ni bure, inatosha ikiwa utakomaa na mambo manne: kugeuza fomula ili kutenga herufi moja, namba za vipeo vya kumi, logi, na uwiano wa vipimo, kwa mfano kutoka gramu kwenda moli kwenda lita. Kemia ya jumla ni hesabu hizo zikiwa zimevaa majina mengine.

Sasa nifike panapowaumiza ndugu zetu wengi. Jamii yetu huku imejaa CNA, na kila CNA ameshauriwa na mtu kusomea uuguzi, kwa hiyo wengi tayari wana kozi za kuelekea huko: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, na kemia moja ya muhula mmoja iliyotungwa kwa ajili ya fani za afya. Kozi hizo ni nzuri na mgonjwa anafaidika nazo. Lakini kwa chuo cha udaktari kemia ile haihesabiki kuwa kemia ya jumla, na kwa vyuo vingi anatomia haijazi nafasi ya baiolojia ya mwaka. Majina yanafanana, krediti zinafanana, hata kitabu kinaweza kufanana rangi. Tofauti iko kwenye maelezo ya kozi katika katalogi: tafuta palipoandikwa kwamba ni kozi ya wanaosomea sayansi. Kama bado huna uhakika, mwandikie mshauri wa idara ya kemia swali moja tu: nikimaliza kozi hii, naruhusiwa kujiandikisha oganiki ya kwanza, ile ya mihula miwili? Jibu likiwa hapana, usilipe.

Kwenye fizikia mambo ni mepesi. Ile isiyo na kalkulasi inakubalika karibu kote, na haina haja ya kujitesa na ile ya wahandisi. Maabara za mtandaoni ndizo za kuangalia, maana vyuo vingine vinazikataa.

Shahada ya kutoka nyumbani inahitaji uangalifu wa peke yake. AMCAS, mfumo unaokusanya maombi ya vyuo vingi vya MD (shahada ya kawaida ya udaktari), hauingizi masomo ya nje ya Marekani na Kanada kwenye GPA. Unaweza kuwa na daraja la kwanza la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Nairobi, na kwenye fomu ile GPA yako itakuwa tupu mpaka ujaze kozi za hapa. Vyuo vingi vinataka pia idadi fulani ya krediti za hapa, na 90 ni namba utakayokutana nayo mara nyingi. Vyuo vya umma vya Texas vina mfumo wao, TMDSAS, nao uko kwenye mkondo huo huo. Kozi nane au tisa za sayansi zinakupa krediti 36 hivi. Kwa hiyo mwenye shahada ya nyumbani asidhani anahitaji kozi za sharti peke yake.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kupeleka matokeo yako kwa tathmini ya kozi moja moja, WES ni mojawapo ya wanaofanya kazi hiyo, kisha kujiunga na chuo kikuu cha hapa usome shahada nyingine ya kwanza (siyo ya uzamili), kikubali krediti zako za zamani kama uhamisho. Baadhi ya vyuo vya udaktari vitatambua zile zilizohamishwa hivyo, vingine vitataka zilizosomwa hapa tu. Ya pili ni kusoma krediti zote 90 hapa. Ni ndefu, ni ghali, lakini haina mjadala. Kabla ya kuchagua, andika orodha ya vyuo kumi vya udaktari ambavyo kweli ungeomba, kwanza vya jimbo lako kwa sababu vya umma huwapendelea wakazi, na uvitumie vyote barua pepe yenye swali lile lile. Hifadhi majibu. Mtu wa ofisi ya udahili aliyekujibu kwa maandishi anafaa kuliko ushauri wa watu mia kwenye kundi la WhatsApp.

Mahali pa kusomea, kuna programu rasmi za wanaobadili fani. Ya Columbia ilianza 1955. Bryn Mawr, Goucher na Scripps zinajulikana kwa kumaliza sayansi zote kwa mwaka mmoja hivi, na kwa makubaliano na vyuo kadhaa vya udaktari yanayomwezesha mwanafunzi bora kuingia bila kusubiri mwaka wa katikati. Uzuri wake ni mshauri aliye karibu na barua ya pamoja ya kamati ya chuo ya kukupendekeza. Ubaya wake ni makumi ya maelfu ya dola na kuacha kazi. Wengi wetu tutajipangia wenyewe kwenye chuo kikuu cha umma kilicho karibu, au kuanzia kwenye chuo cha jamii, vile vya miaka miwili, ambako krediti moja kwa mkazi wa eneo mara nyingi ni kati ya dola 100 na 200. Kuanzia huko si aibu. Ninachoshauri ni kuchukua kemia ya jumla kwenye chuo cha jamii ikibidi, lakini oganiki na biokemia zifanyike kwenye chuo cha miaka minne, ili kamati ya udahili ione kwamba A zako zinasimama hata penye ushindani.

Unapohama hivyo, peleka matokeo ya kemia ya jumla mapema, wiki sita kabla ya usajili. Kompyuta ya chuo kipya haijui kwamba umefaulu kwingine, itakuzuia, na ofisi itakapokuja kuondoa kizuizi nafasi za maabara zitakuwa zimekwisha. Wasiosomea shahada hujiandikisha mwisho kabisa, baada ya kila mtu. Hiyo ni sababu nyingine ya kujiandikisha kama mwanafunzi wa shahada nyingine ya kwanza.

Na iko sababu ya fedha. Ukishakuwa na shahada, hata ya nje, ruzuku ya serikali iitwayo Pell huipati tena. Mikopo ya serikali kwa mtu anayesoma kozi za sharti bila kusomea shahada inapatikana kwa miezi 12 tu. Anayesomea shahada nyingine ya kwanza anaweza kukopa kama mwanafunzi wa kawaida mpaka afikie kikomo chake cha jumla. Mwenye grinkadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wote wanaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo. Mwenye ombi la hifadhi ambalo bado halijajibiwa hana haki hiyo. Kwa walioajiriwa hospitalini, nenda ofisi ya rasilimali watu uulize kuhusu kurudishiwa ada: mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kodi, na hospitali nyingi zinafanya hivyo, ingawa zinaweza kudai kozi ihusiane na kazi. Huko mbele pia mambo yamebadilika. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa serikali wa Grad PLUS, wa masomo ya juu, haupo kwa wanaoanza kukopa, na anayesomea udaktari anakopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Vyuo vingi vinagharimu zaidi ya hapo, kwa hiyo deni dogo unalolibeba sasa ni nafasi unayojiwekea baadaye.

Tuingie kwenye kusoma kwenyewe, na kwenye usingizi. Kozi moja ya sayansi yenye krediti 4 ni saa tatu za darasa na saa tatu za maabara kila wiki. Mbili ni saa 12, na kila saa ya darasa inataka saa mbili au tatu za kujisomea, ukijumlisha ripoti za maabara unafika saa 25 hadi 30. Ongeza zamu tatu za saa 12 na safari za gari. Inawezekana, kwa shida, ikiwa zamu hazigusi usiku wa kuamkia maabara. Nalisisitiza hili kwa sababu maabara ndiyo inayofichua uchovu.

Chukua zoezi ambalo kila mwanafunzi wa kemia ya jumla atalifanya: kupima ukali wa asidi kwa kuidondoshea besi. Unaweka mililita 25.00 za asidi ya hidrokloriki kwenye flaski, unatia matone mawili ya fenoftalini, kisha unafungulia besi, yaani sodiamu hidroksaidi ya 0.100 M (moli 0.100 kwa lita), kutoka kwenye bureti, bomba la kioo lenye vipimo na koki. Mwanzoni pinki inatokea na kupotea papo hapo. Ikianza kusitasita kupotea, funga koki. Sasa ni tone moja moja huku unazungusha flaski. Unachotafuta ni pinki hafifu mno, kama maji uliyosuuzia kikombe cha rozela, inayodumu sekunde 30. Ukiwa umetumia mililita 18.60, asidi yako ni 0.0744 M. Ukisinzia ukapitisha mililita moja, jibu ni 0.0784 M, kosa la zaidi ya asilimia 5, na mwalimu anaijua namba sahihi kabla hujavaa miwani ya maabara. Kosa jingine: bureti iliyosuuzwa kwa maji peke yake. Maji yaliyobaki ndani yanaizimua besi, unatumia nyingi zaidi, asidi inaonekana kali kuliko ilivyo. Isuuze mara mbili kwa besi yenyewe. Kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti kitoe kabla hujasoma namba ya kwanza. Na usisome umesimama. Inama mpaka jicho liwe sawa na chini ya mbinuko wa kimiminika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kipaji. Yote yanahitaji mtu aliyelala.

Oganiki inaangusha watu kwa njia tofauti: kukariri. Mtu anatengeneza kadi 200 za mimenyuko, anafika kwenye mtihani anakuta molekuli asiyoijua, kadi zote zimekuwa karatasi. Kinachotakiwa ni mishale. Mshale uliopinda unaonyesha elektroni zinakotoka na zinakokwenda. Unaanzia kwenye jozi ya elektroni au kwenye bondi; kamwe hauanzii kwenye chaji chanya, na hilo ndilo kosa la wiki ya kwanza ambalo wengine hubaki nalo mpaka Desemba. Hidroksaidi inapokutana na bromomethani, mshale mmoja unatoka kwenye oksijeni kwenda kwenye kaboni, mwingine unatoka kwenye bondi ya kaboni na bromini kwenda kwenye bromini. Hidroksaidi inaingilia nyuma, upande ulio mkabala na bromini, na vile vilivyoshikana na kaboni vinageuka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Sasa izungushie kaboni ile vikundi vitatu vya methili: njia ya nyuma imezibwa, na mmenyuko utafuata njia nyingine. Ukilielewa hilo umeelewa sura tatu za kitabu. Kila siku chora mimenyuko mitano kwenye karatasi tupu, kitabu kimefungwa, ukijiuliza kila mshale umeanzia wapi na kwa nini.

Ukiona mambo yameharibika, toka kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa. W (alama ya kujiondoa) moja kwenye matokeo haiingii kwenye GPA na inaelezeka. C haifutiki. AMCAS inahesabu majaribio yote mawili ukirudia kozi, na mfumo wa vyuo vya DO (udaktari wa osteopathia), AACOMAS, ambao zamani ulikuwa unachukua alama ya marudio peke yake, uliacha kufanya hivyo 2017.

Hesabu ya GPA yenyewe ielewe, maana inakatisha tamaa na inatia moyo kwa wakati mmoja. Mwenye krediti 120 za zamani za hapa Marekani kwa wastani wa 2.8 ana pointi 336. Akiongeza krediti 40 za sayansi kwa A tupu, anapata pointi 160 zaidi. 496 gawanya kwa 160 ni 3.10. Mambo yote yale, na namba imepanda 0.3 tu. Lakini AMCAS inatoa pia GPA ya sayansi peke yake, yaani baiolojia, kemia, fizikia na hesabu, na kama shahada ya zamani haikuwa na sayansi wala hesabu, hiyo itasoma 4.0. Tena masomo ya baada ya shahada yanapewa mstari wake, kamati iuone mwenendo wa sasa. Wanaoingia vyuo vya MD wana wastani wa GPA wa 3.8 hivi, na MCAT ya 512 hivi. Vyuo vya DO viko chini ya hapo, MCAT ikizunguka 503 au 504, na daktari wa DO ana leseni kamili sawa na wa MD. Mwenye GPA ya zamani iliyochechemea aombe kote kuwili.

MCAT ni maswali 230 katika sehemu nne, na siku nzima ikijumlishwa na mapumziko ni saa saba na nusu. Alama zinaanzia 472 hadi 528. Unaruhusiwa mara tatu kwa mwaka, mara nne kwa miaka miwili, mara saba maishani, na kila jaribio vyuo vinaliona, kwa hiyo usiende kujaribu bahati. Kikokotozi hakiruhusiwi. Ndiyo maana inafaa kuanza kukiacha mapema, tangu kemia ya jumla: ukiona ioni za hidrojeni ni 3 × 10⁻⁴, jua papo hapo kwamba pH iko kati ya 3 na 4, karibu na 3.5, bila kugusa kitufe.

Sehemu inayowatesa waliokua na Kiswahili ni CARS, ile ya kusoma na kuchambua: vifungu tisa, maswali 53, dakika 90. Dakika kumi kwa kifungu, na vifungu vinahusu falsafa, sanaa, historia, siasa. Maarifa yako ya nje hayasaidii. Jibu liko ndani ya kifungu, na kamusi hairuhusiwi. Miezi mitatu ya mwisho haitoshi kuijenga. Anza siku ile ile unayoanza kemia: insha moja nzito ya Kiingereza kila siku, uimalize, kisha useme kwa sentensi moja, kwa Kiswahili ukitaka, mwandishi anadai nini na nani angempinga. Kulisema kwa Kiswahili kunasaidia kwa sababu huwezi kuyarudia maneno yake. Lazima uwe umeelewa. Mazoezi ya mwisho yafanye kwa mitihani ya AAMC wenyewe.

Barua za mapendekezo: mbili za walimu wa sayansi na moja ya mwalimu wa fani nyingine ndiyo kawaida. Darasa la kemia lina watu 200. Mwalimu hatakujua kwa A peke yake, kwa hiyo nenda saa zake za ofisi kuanzia wiki ya pili, na swali la kweli mkononi. Barua iombe kozi inapoisha, siyo miaka miwili baadaye. Utamaduni wetu wa kumheshimu mwalimu kwa kutomsumbua unatugharimu sana hapa. Mwalimu wa huku anaihesabu heshima hiyo kama kutojali.

Kwa upande wa wagonjwa, CNA tayari ana kitu ambacho waombaji wengine wanakihangaikia. Ongeza saa 40 au 50 za kumfuata daktari kazini. Mwenye Kiswahili na Kiingereza kizuri afikirie ukalimani wa hospitali: mafunzo ya saa 40 ndiyo kiwango cha chini cha kuomba cheti cha kitaifa, na wakimbizi wetu kutoka Kongo wanaofika kliniki bila mtu wa kuwasemea ni wengi. Ni kazi yenye malipo, na unakaa hatua moja kutoka kwa daktari anapomweleza mama habari za mwanawe.

Fomu ya AMCAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, na kutuma huanza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Tuma wiki hiyo ya kwanza. Wao wanahakiki kila kozi dhidi ya matokeo rasmi, na kipindi cha msongamano uhakiki unaweza kula wiki sita, huku vyuo vikijaza nafasi za usaili kwa kadiri fomu zinavyofika. Kinachochelewesha ni matokeo ya chuo kimoja kilichosahaulika: ile kozi moja ya Kiingereza uliyoichukua miaka tisa iliyopita ukaiacha katikati. Kila chuo cha Marekani ulichojiandikisha, hata kwa kozi moja, hata kwa W, lazima kitume matokeo. Kama unadaiwa ada ya zamani, hata dola 80 za maegesho, huenda wakayazuia. Piga simu huko sasa.